Rachel Carson na Sumu Iliyoitwa Dawa

Mpenzi msomaji, nakuomba utulie nami kidogo kabla hujafungua ukurasa wa mashairi na vitendawili. Katika toleo hili la jarida la chama chetu nimechagua kukusimulia maisha ya mwanamke Mmarekani aliyefariki mwaka 1964, miaka mingi kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Jina lake ni Rachel Carson. Huenda ukauliza, Mmarekani wa zamani hivyo anatuhusu vipi sisi wanafunzi wa shule ya kutwa nchini Kenya? Swali zuri hilo. Jibu langu ni neno moja tu la Kiswahili: dawa.

Katika lugha yetu kinachomponya mgonjwa huitwa dawa, na kinachomuua mende pia huitwa dawa. Tuna dawa ya kikohozi na dawa ya panya, dawa ya malaria na dawa ya kunguni. Neno ni lile lile, na kwa sababu hiyo ni rahisi mtu kusahau kwamba moja ni tiba na nyingine ni sumu. Rachel Carson alitumia miaka yake ya mwisho kuwakumbusha watu wa nchi yake tofauti hiyo, na aliifanya kazi hiyo akiwa mgonjwa mahututi. Ndiyo maana nimemchagua.

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 mjini Springdale, jimbo la Pennsylvania, karibu na mto uitwao Allegheny. Alikuwa kitinda mimba. Mbele yake walitangulia dada mmoja na kaka mmoja. Baba yake, Robert, alikuwa na shamba la ekari 65 hivi, lakini shamba kubwa si lazima liwe utajiri. Pesa zilikuwa haba mle nyumbani. Mama yake, Maria, aliwahi kuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na yeye ndiye aliyekuwa shule ya kwanza ya Rachel. Alizunguka naye shambani na msituni wakitazama ndege, maua na wadudu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa kuwa mtu wa kutazama vitu kwa makini.

Mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 11, hadithi yake ilichapishwa katika jarida la watoto lililoitwa St. Nicholas. Hebu zingatieni hilo, ninyi mnaosema kwamba jarida la wanafunzi ni mchezo! Mwandishi aliyekuja kuwatikisa mabwana wa viwanda alianzia kwenye kurasa kama hizi zetu.

Mwaka 1925 alijiunga na chuo cha wasichana mjini Pittsburgh. Karo ilikuwa mzigo mzito. Mama yake alifundisha piano na hata kuuza vyombo vya nyumbani ili binti asirudishwe. Nadhani wengi wetu hapa tunaijua hadithi hiyo bila kuelezwa, kwani wapo wazazi waliouza mbuzi na kuku ili sisi tuvae sare hizi.

Rachel aliingia chuoni akinuia kusomea Kiingereza ili awe mwandishi. Mwalimu mmoja wa biolojia, Mary Scott Skinker, alimfungulia mlango mwingine, naye akahamia sayansi. Siku zile sayansi ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, lakini yeye hakujali. Alifuzu vizuri sana mwaka 1929. Kiangazi cha mwaka huo alikwenda Woods Hole, kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini, na hapo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kumbe mtu aweza kuipenda bahari kabla hajaiona! Alikuwa ameisoma vitabuni tangu utotoni.

Mwaka 1932 alipata shahada ya uzamili katika elimu ya wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Alitamani kuendelea hadi udaktari, lakini huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na jamaa zake walikuwa wamehamia kwake wakimtegemea. Mwaka 1935 baba yake alifariki. Ikabidi masomo yawekwe kando, riziki itafutwe.

Alianza kwa kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe wa majini kwa ajili ya idara ya uvuvi ya serikali. Mwaka 1936 akaajiriwa humo kama mwanabiolojia baada ya kufanya vyema katika mtihani wa serikali. Alikuwa mwanamke wa pili tu kupewa kazi ya kitaalamu katika idara hiyo. Mwaka uliofuata dada yake alifariki, akaacha mabinti wawili. Rachel na mama yake wakawachukua na kuwalea.

Mchana aliandika taarifa za serikali, usiku akaandika vitabu vyake mwenyewe. Kitabu cha kwanza, Under the Sea-Wind, kilitoka mwaka 1941, majuma machache tu kabla Marekani haijaingia katika Vita vya Pili vya Dunia, nacho hakikununuliwa sana. Mtu mwingine angevunja kalamu. Yeye alivumilia miaka 10, na mwaka 1951 akatoa The Sea Around Us, kitabu kuhusu bahari. Lo! Hicho kilikaa majuma 86 katika orodha ya vitabu vilivyonunuliwa zaidi Marekani, kikashinda tuzo ya taifa ya vitabu mwaka 1952 na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 30. Sasa aliweza kuacha kazi ya ofisi na kuishi kwa kalamu yake. Mwaka 1955 kikafuata kitabu kingine, The Edge of the Sea.

Labda angeendelea hivyo hivyo, akiandika juu ya samaki na mawimbi hadi uzeeni. Lakini mambo mawili yalimgeuza.

La kwanza ni mtoto. Mwaka 1957 mmoja wa wale mabinti aliowalea alifariki, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitano aitwaye Roger. Rachel hakuwa ameolewa na alikuwa anakaribia umri wa miaka 50, tena akimtunza mama yake mzee. Hata hivyo alimchukua Roger akamfanya mwanawe. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameandika makala kuhusu matembezi yake na mtoto huyo msituni na ufukweni, akieleza jinsi ya kumsaidia mtoto asipoteze hamu ya kustaajabia ulimwengu. Basi alipoanza kuandika juu ya sumu, hakuandika kama mtu asiye na mtoto wa kumchunga.

La pili ni dawa yenyewe. Hapa inafaa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1939 mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba kemikali iitwayo DDT huua wadudu kwa namna ya ajabu. Wakati wa vita, watu wa mji wa Naples nchini Italia walinyunyiziwa unga wake mwilini ili kuua chawa walioeneza homa kali ya taifasi, na ugonjwa ukadhibitiwa. Müller alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Hatuwezi kusema DDT haikuokoa maisha, iliokoa. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vita vilipokwisha mwaka 1945, DDT iliuzwa madukani kwa kila mtu. Malori yalipita mitaani yakitoa ukungu mweupe wa kuua mbu, na watoto wakawa wanakimbia nyuma ya malori hayo wakicheza ndani ya ukungu. Wazazi walitazama tu. Si ni dawa?

Rachel aliyaona mapema. Mwaka huo huo wa 1945 aliliomba jarida moja kubwa limruhusu aandike kuhusu DDT, lakini hawakutaka. Miaka 12 ikapita. Mwaka 1957 serikali ilituma eropleni kunyunyiza DDT juu ya kisiwa cha Long Island, karibu na mji wa New York, ili kuua nondo waliokuwa wakiharibu miti. Sumu iliangukia mashamba ya mboga, malisho ya ng'ombe na mabwawa ya samaki. Iliwaangukia pia watu waliosubiri garimoshi vituoni, na watoto waliokuwa wakicheza nje. Wakazi walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Kisha mwezi wa Januari 1958 rafiki yake aitwaye Olga Owens Huckins, aliyeishi jimbo la Massachusetts, aliandika barua gazetini na kumpelekea Rachel nakala yake. Eropleni ya kunyunyizia mbu ilikuwa imepita juu ya kiwanja chake, na baadaye akaokota ndege wamekufa karibu na nyumba. Mbu wenyewe waliendelea kuuma kama kawaida. Rachel alipiga moyo konde, akaamua kwamba ikiwa hakuna mwingine wa kuandika, basi ataandika yeye.

Kazi hiyo ilimchukua miaka minne. Hakukurupuka. Aliwaandikia wanasayansi na madaktari wa nchi mbalimbali, akasoma ripoti zao, akalinganisha. Kitabu kilipokwisha, orodha ya ushahidi peke yake ilijaza kurasa 55. Alikiita Silent Spring. Kwa sisi tusio na majira ya baridi kali huenda jina hili lisieleweke haraka. Kule kwao ndege wengi huhama wakati wa theluji, kisha hurudi miti inapoanza kuchipua, na kuimba kwao ndiyo dalili ya kwamba baridi imekwisha. Rachel aliwaza majira ambayo miti inachipua lakini hakuna ndege anayelia. Kimya tupu.

Nitachukua mifano mitatu tu kutoka kitabu hicho, kwa sababu yote mitatu yatuhusu sisi wa shuleni.

Wa kwanza ulitokea katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Kuanzia mwaka 1954 miti ya chuo ilinyunyiziwa DDT kwa sababu ya ugonjwa ulioenezwa na mdudu. Majani yakaanguka, nyungunyungu wakayala, na sumu ikabaki miilini mwao. Majira yaliyofuata ndege waitwao robini walirudi, wakala nyungunyungu hao, wakaanza kutetemeka na kufa. Hakuna aliyekuwa amewanyunyizia wale ndege. Sumu ilisafiri yenyewe, kutoka jani hadi mnyoo hadi ndege, ikizidi kukolea kila ilipopanda ngazi.

Wa pili ulitokea Florida. Watoto wawili waliokota gunia tupu wakalitumia kutengenezea bembea. Baada ya muda mfupi wote wawili walifariki, na wenzao watatu waliocheza nao wakaugua. Gunia hilo lilikuwa limebeba dawa ya wadudu iitwayo parathioni. Gunia tupu, jamani!

Wa tatu ulitokea Venezuela. Familia moja ya Wamarekani ilihamia nyumba yenye mende, ikanyunyiza dawa iitwayo endrini. Walikuwa waangalifu: mtoto wao wa mwaka mmoja alitolewa nje pamoja na mbwa, sakafu ikapigwa deki, na mtoto hakurudishwa hadi alasiri. Mbwa akafa siku hiyo. Usiku mtoto akatapika, akashikwa na degedege, akapoteza fahamu. Hakufa, lakini hakurudi tena kuwa mtoto aliyeona na kusikia yaliyomzunguka. Na sababu ya yote hayo ilikuwa nini? Mende.

Kutokana na mifano kama hii Rachel alitoa hoja ambayo mimi naiona kuwa moyo wa kitabu chake. Alisema kemikali hizi hazistahili kuitwa viuawadudu, kwa sababu hazijui kuchagua. Jina linalozifaa ni viuauhai. Yeye alilisahihisha jina la Kiingereza. Sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tuna kazi kubwa zaidi, maana kwetu sumu imevaa jina la tiba kabisa.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, wala yeye asieleweke vibaya. Rachel Carson hakusema kwamba wadudu wasiuawe, wala kwamba kemikali zote zipigwe marufuku. Alisema zisiwekwe mikononi mwa watu wasiojua madhara yake. Alitaka njia nyingine zijaribiwe kwanza, kama vile kutumia wadudu wanaowala wadudu waharibifu. Alionya pia kwamba dawa ikipulizwa ovyo, wadudu dhaifu hufa na wale sugu hubaki wakazaana, hata dawa yenyewe isifanye kazi siku inapohitajika kweli.

Wakati akiandika haya alikuwa anakufa. Mwaka 1960 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akapasuliwa na baadaye kutibiwa kwa miale. Kuna siku hakuweza kutembea wala kusoma vizuri. Lakini aliuficha ugonjwa wake. Alijua kwamba wapinzani wakipata habari watasema anaandika kwa uchungu wa maradhi yake na si kwa ushahidi.

Sehemu za kitabu zilianza kutoka katika jarida la The New Yorker mwezi wa Juni 1962, na kitabu chenyewe kikatoka tarehe 27 Septemba mwaka huo. Viwanda vya kemikali vilikuja juu. Kampuni moja, Velsicol, ilitishia kumshtaki mchapishaji wake. Wengine walimwita mwanamke mwenye jazba, wengine wakamcheka kwa kutoolewa, wengine wakamshuku kuwa mkomunisti. Walijadili kila kitu isipokuwa zile kurasa 55 za ushahidi. Yeye hakutukana mtu. Mwezi wa Aprili 1963 alihojiwa katika televisheni, akazungumza kwa utulivu, akiwa amevaa nywele za bandia kwa sababu ya matibabu. Mamilioni ya watazamaji hawakujua.

Rais Kennedy alikuwa ameamuru wanasayansi wake walichunguze suala hilo. Ripoti yao ilitoka tarehe 15 Mei 1963, nayo ilimuunga mkono Rachel kwa mengi. Mwezi uliofuata alisimama mbele ya kamati ya Baraza la Seneti, akadai kwamba raia awe na haki ya kukaa nyumbani kwake bila kuingiliwa na sumu iliyowekwa na watu wengine. Hakuishi kuyaona matunda. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964 akiwa na umri wa miaka 56. Roger alikuwa na miaka 12 tu.

Mti aliopanda ulizaa baadaye. Mwaka 1970 Marekani iliunda shirika la serikali la kulinda mazingira, na mwaka 1972 shirika hilo likapiga marufuku matumizi karibu yote ya DDT nchini humo. Mwaka 1980 Rais Carter alimtunukia Rachel Carson nishani ya juu kabisa ya raia, ingawa mwenyewe alikuwa kaburini. Mwaka 2000 jimbo la California lilipitisha sheria kuhusu dawa za wadudu mashuleni. Kila mwaka wazazi huelezwa ni dawa gani zinatarajiwa kutumiwa. Ilani hubandikwa saa 24 kabla ya kupuliza na hubaki hadi saa 72 baada yake. Tena shule huhimizwa kujaribu kwanza njia zisizo na hatari. Ule udhibiti jumuishi wa wadudu ndio huo.

Wapo wanaodai kwamba kitabu cha Rachel Carson kilisababisha watu wa Afrika kufa kwa malaria. Sisi Waafrika inafaa tulijibu hili wenyewe. Marufuku ya mwaka 1972 yalikuwa ya Marekani, na hata Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaozuia DDT duniani, uliacha nafasi ya kuitumia kupambana na mbu wa malaria pale inapohitajika. Tena aliyeonya kwamba mbu watakuwa sugu ni yeye. Kuhifadhi sumu kwa ajili ya mbu anayeua si sawa na kuimwaga darasani kwa ajili ya mende.

Na tusidhani kwamba kila kitokacho shambani ni salama. Kenya yetu inasifika kwa pareto, yale maua meupe ya nyanda za juu ambayo hukaushwa na kutolewa kiuawadudu. Pareto huoza upesi kwenye jua, haidumu miaka kama DDT. Hata hivyo huua samaki na nyuki, na mtu mwenye pumu akiivuta huweza kupata shida. Sumu ya maua nayo ni sumu.

Sasa nije nyumbani. Watoto hawalingani na watu wazima mbele ya sumu. Mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake, hucheza chini sakafuni, hutia mikono mdomoni, na ubongo na mapafu yake bado vinakua. Mimi mwenyewe nimewahi kuingia darasani Jumatatu asubuhi harufu ya dawa ikiwa bado imejaa, madirisha yamefungwa. Mwenzetu mmoja mwenye pumu alilazimika kutoka nje kabla somo la kwanza halijaisha. Hakuna aliyetuambia ni dawa gani iliyopulizwa, wala lini. Simlaumu mtu. Mende walikuwa wengi, na aliyepuliza alidhani anatusaidia. Lakini miezi miwili haikupita kabla mende hawajarudi, maana vilivyowaleta vilikuwa bado vipo.

Mende hutaka vitu vitatu: chakula, maji na mahali pa kujificha. Mnyime hivyo, atahama bila kupulizwa. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa walimu wetu, natoa mapendekezo haya.

Kwanza, sisi wanafunzi tuache kubakiza githeri na maganda ya ndizi ndani ya madawati. Hatuwezi kuandalia mende karamu kisha tukawalalamikia kwa kuja. Pili, mahindi na maharagwe ya stoo yawekwe katika mapipa yenye vifuniko, juu ya mbao, si magunia sakafuni. Tatu, nyufa na matundu yazibwe, kwani panya mdogo hupita kwenye tundu la upana wa kidole. Mfereji unaovuja nao utengenezwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nne, kwa panya mitego itangulie sumu. Na ikiwa lazima mende wauawe, chambo kilichowekwa ndani ya ufa ni bora kuliko kupuliza hewani.

Tano, ikibidi kupuliza, kazi hiyo ifanywe shule ikiwa imefungwa, na mtu anayejua kazi, kwa dawa iliyosajiliwa yenye lebo inayosomeka. Wazazi na wanafunzi waelezwe mapema, na madarasa yapitishwe hewa kabla hatujarudi. Sita, na hili nalisema kwa sauti ya juu: dawa ya wadudu isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Kumbukeni lile gunia la bembea. Mtoto wa mfanyakazi au mdogo wetu akiona chupa ya soda ataona soda.

Mapendekezo haya hayahitaji pesa nyingi. Mengi yanahitaji fagio, saruji kidogo na kifuniko. Kinga ni bora kuliko tiba, na ni bora zaidi tena pale ambapo tiba yenyewe ni sumu.

Rachel Carson hakuwa tajiri wala mwanasiasa. Alikuwa mgonjwa, mlezi wa yatima, na mtu mwenye kalamu. Aliuliza maswali mawili tu: je, tumejaribu njia nyingine? Je, wale watakaoivuta wameambiwa? Muhula ujao, mwenzangu, ukiona mtu amebeba bomba la kupulizia kuelekea darasani kwenu, msalimie kwa adabu, shikamoo kwanza, kisha umuulize maswali hayo hayo mawili. Kuuliza si ujeuri. Naye akikujibu kwamba ni dawa tu, muulize tena kwa upole: dawa ya kuponya, au dawa ya kuua?